Mguu Mmoja Nje

"Ukimkanyaga mtu, mwombe radhi kwanza, ndipo umchukulie kiti chake."

Aliyesema hivyo alikuwa msichana mwenye koti jekundu, na chini ya koti amevaa nguo za kijani za chumba cha upasuaji. Ilikuwa Ijumaa, ukumbi wa samaki wa kukaanga pale mjini Milwaukee, Marekani, umefurika, vioo vimetota mvuke wa mafuta. Emmett Brandvold alibaki na sahani mkononi kama mwizi.

"Samahani dada. Kaa wewe, nitakula nimesimama."

"Na mguu wangu nani atautibu?"

"Nasomea udaktari. Nitautazama."

"Mimi pia nasomea, na mifupa ndiyo yangu. Keti, acha kujishaua."

Ndivyo alivyomjua Halina Szymczak. Vyuo vyao vilikuwa tofauti, lakini wote walikuwa wanakaribia mwaka wa mwisho, na majira ya joto yalipoingia walikuwa wameshakubaliana. Wangeunganisha maombi yao ya mafunzo ya ubingwa, kama wapenzi wanavyoruhusiwa, ili wapangiwe mji mmoja. Emmett alitaka kutibu watoto, na nafasi za watoto zipo kila mahali. Za mifupa watu wanazipigania.

"Lazima niende hospitali moja ya Denver mwezi mmoja," Halina alimwambia. "Hawakuchukui mpaka wakuone unavyofanya kazi."

"Hapa wanakuona kila siku."

"Hapa wamenizoea, mpenzi."

"Kwa hiyo mwezi mzima ukajipendekeze kwa watu wasiokujua?"

"Ndiyo. Na usininunie."

Akaenda. Simu zikawa fupi.

"Umekula?"

"Bado. Wenyeji hawajatoka, mgeni hatoki kabla yao. Nakupenda, naitwa."

Juma la mwisho Emmett alishindwa kuvumilia. Akavaa shati la bluu analolipenda Halina, akapanda ndege bila kumwambia. Alimkuta kwenye mgahawa wa hospitali, kwenye foleni ya kahawa, amempa mgongo. Alikuwa anazungumza na mama mmoja mrefu mwenye mvi, Daktari Okerlund, mkuu wa upasuaji wa mifupa. Emmett akamsogelea akitabasamu, mkono tayari kumgusa bega.

"Mkinichagua naja hata kesho, daktari," Halina alikuwa anasema. "Milwaukee sina mtu wa kunishika."

Emmett akarudisha mkono. Akatoka.

Jioni hiyo, akisubiri ndege ya kurudi, simu ililia hadi akachoka kuikata.

"Mbona hupokei, kipenzi?"

"Nilikuwa nyuma yako kwenye foleni ya kahawa."

"Emmett, wanafunzi wote tunasema hivyo. Mgeni mwenye mpenzi anaonekana mguu mmoja uko nje."

"Basi huo mguu mimi nimeukata."

Ijumaa iliyofuata alikwenda ukumbini kwa samaki peke yake. Alikuwa hajamega mkate alipoona koti jekundu mlangoni. Halina alikuja hadi mezani, macho yamevimba, hakukaa.

"Nilirudi kwa Okerlund. Nikamwambia ninaye mtu."

"Akasemaje?"

"Akauliza, 'Kwani mimi nilikuuliza?' Kisha akaniambia nusu ya vijana wake walikuja na wapenzi wao. Yeye mwenyewe huwapigia simu wakuu wa idara nyingine awatafutie nafasi. Angekutafutia na wewe."

Emmett aliweka uma chini.

"Akasema anayemkana mtu wake bila hata kuulizwa, siku akikosea kwenye upasuaji atamficha mgonjwa kosa hilo. Hatanisifia popote. Denver imekwenda."

"Ungenyamaza ungeipata."

"Ningeipata peke yangu." Machozi yakamtoka. "Na sasa ukiunganisha maombi na mimi, naweza kukuzamisha. Ukikataa sitakulaumu."

Emmett alipiga hesabu. Peke yake alikuwa na uhakika wa kupata nafasi nzuri. Akiwa na Halina, huenda wakaangukia mji wasioutaka, huenda Halina akakosa kabisa. Na maneno ya pale kwenye foleni bado yalimchoma. Lakini yule aliyeyasema ndiye aliyekwenda kuyafuta, huku akijua kutamgharimu.

Akavuta kiti cha pili kwa mguu.

"Keti, samaki anapoa. Mguu unaendeleaje?"

Halina akakaa, akajifuta uso kwa mkono wa koti.

"Yote miwili iko ndani," alisema.