Akaunti ya Bernadeta

Kiti cha kona kilikuwa na joto. Kandida aliinuka, akakigusa kwa kiganja, akaketi tena taratibu. Mwalimu Silas, msimamizi wa chumba cha kompyuta, ndiyo kwanza alikuwa amefungua kufuli, na Kandida ndiye aliyeingia wa kwanza asubuhi ile. Chumbani mlinukia moshi na maziwa, harufu ya kibuyu kilichofukizwa.

Alifungua ripoti yake. Sentensi aliyoiacha jana katikati ilikuwa imemaliziwa.

Ripoti ilihusu namna wafugaji wa tambarare za Hanang wanavyotunza maziwa. Kandida aliachia hapo kwa sababu hakujua vibuyu vinafukizwa kwa mti gani. Sasa mti ulikuwa umetajwa, na baada yake aya nzima ilieleza jinsi ya kuzungusha kaa ndani ya kibuyu bila kukiunguza. Alimwuliza Brayson, mwenzake wa darasani, kama ndiye aliyeandika.

"Mimi na vibuyu wapi na wapi?" Brayson alicheka. "Kama ni marehemu anakusaidia, mwambie apitie na kwangu. Nimekwama sura ya tatu."

Marehemu alikuwa Bernadeta, binti wa wafugaji wa Kibarbaig waliyesoma naye. Chuo kilimpa kila mwanafunzi akaunti yake, na kila mmoja alitia saini kwamba hatampa mwingine neno la siri. Kandida alimpa Brayson la kwake. Brayson akapakua mechi za mpira mpaka mtandao wa chuo ukazidiwa, na Silas akazifunga akaunti zao wote wawili hadi muhula uishe. Bernadeta aliwahurumia, akawapa ya kwake. Alisema kwao hawamnyimi mtu maziwa. Masika ilipoanza alirudi nyumbani na homa, hakupona. Wenzake walikwenda kuzika, wakalia sana, na Jumatatu iliyofuata wakaingia kwenye akaunti yake kama kawaida. Silas hakuambiwa kitu.

Ripoti ilitakiwa Ijumaa. Asiyewasilisha angerudia mwaka, na kule Sigino mama yake Kandida alikuwa ameshatangaza kanisani kwamba binti yake anahitimu. Kandida aliisoma ile aya mara ya pili. Ilikuwa nzuri kuliko zake. Akaiacha.

Siku zilizofuata alianza kuziacha sentensi nusu kwa makusudi.

Jumatano mchana mvua ilipiga bati kwa nguvu, chumba kikawa giza, wakabaki wawili tu, Brayson kwenye kiti cha kona na Kandida pembeni yake. Kisha kelele za mvua zikapasuliwa na mlio mwingine, mdogo, wa shaba kugonga meza, mlio ambao Kandida aliujua kabla hajataka kuujua, kwa kuwa Bernadeta alivaa bangili za shaba mikono yote miwili na kila siku Silas alimsihi azivue asimkwaruzie meza zake. Na harufu ya moshi ikapanda kama vile mtu amefunua kibuyu chini ya pua zao, na alipogeuka akamwona Brayson, ambaye siku zote huandika kwa vidole viwili, anaandika kwa vidole vyote kumi, upesi, bila kutazama kioo, macho yake yakiwa kwa Kandida na machozi yakimtiririka.

"Kanda," alinong'ona. "Siyo mimi."

Kwenye kioo kulikuwa na maneno yale yale, mstari chini ya mstari: kibuyu cha marehemu hakinywewi mpaka mama yake akikabidhi.

Kandida alichomoa waya ukutani. Brayson alipoinua mikono, vidole vilikuwa salama, lakini kwenye vifundo vya mikono ngozi ilikuwa imebonyea miviringo, mmoja juu ya mwingine.

Walimweleza Silas yote. Hakuwagombeza. Aliifunga akaunti mbele yao, akaisubiri, wakaiona wote watatu ikifunguka yenyewe. Silas akatoka nje kwenda kumpigia simu mama wa marehemu. Alipokuwa nje, Kandida alichomeka flashi yake, akainakili ripoti, akaificha mfukoni.

Mama Bernadeta alifika kesho yake mchana, amejifunga shuka, kibuyu cha mwanawe mkononi. Walimwamkia, akaitika marahaba kwa sauti ya chini. Hakutaka kukaa. Alieleza kwamba nguo za mwanawe walishazigawa, na blanketi, na bangili alizikwa nazo. Kila kitu kilikuwa na mwenyewe sasa.

"Hiki hamkuniambia kama kipo," alisema, akiionyesha kompyuta ya kona. "Mmekinywea mwezi mzima, na mwenyewe amekaa hapo mlangoni anangoja."

Alimwaga maziwa kidogo kizingitini, akaongea Kibarbaig polepole, kama mtu anayemwamsha mtoto. Harufu ya moshi ikaanza kupungua. Kisha akageuka.

"Kuna mtu ana kitu chake kingine? Aseme, nimkabidhi au nikichukue. Kikibaki, hatarudi na mimi."

Brayson alitikisa kichwa. Flashi ilikuwa ndani ya kiganja cha Kandida, ina joto kama kile kiti. Akamfikiria mama yake amesimama kanisani.

"Hakuna, mama," alisema.

Mama Bernadeta aliutazama mkono wake uliofumba. Akakifunika kibuyu, akaondoka. Silas akaifunga akaunti, na safari hii haikufunguka.

Kandida aliwasilisha Ijumaa, akapata alama za juu. Msahihishaji aliandika pembeni kwamba sura ya vibuyu inaonekana imeandikwa na mtu aliyefanya kazi hiyo kwa mikono yake.

Baada ya mahafali alikuwa Sigino, mchana kweupe, amekaa peke yake sebuleni akiandika kwenye simu ombi la kazi. Mama yake alikuwa jikoni anasonga ugali.

"Mama yako mdogo ataleta maziwa jioni," mama aliita. "Ingawa nasikia harufu kama yameshafika."

Kandida alinusa hewa.

"Na huyo mgeni wako mbona hujamleta anisalimie? Mwambie basi avue hizo bangili, zinanipigia kelele mpaka huku."

Kandida alitazama mikono yake. Haikuwa na kitu. Alijaribu kuiweka simu chini, na vidole vikaendelea kuandika.