Sumaku Iliyotoka Kiwandani

Jairus, jirani yetu wa laini ya juu ya nyumba za wafanyakazi, alikuwa fundi wa stima katika kiwanda kimoja cha majani chai huku Kericho. Alasiri akitoka kazini, hakuenda popote. Alikaa mlangoni kwake akitengeneza kinanda cha kanisa.

Alikuwa amekata spoki za baiskeli, kila moja kwa urefu wake, akazipanga juu ya ubao. Ukibonyeza kibao, kinyundo kinagonga spoki nayo inatetemeka. Lakini mtetemo wa spoki ni mdogo, hata aliyebonyeza hausikii vizuri. Kwa hiyo mbele ya kila spoki ilitakiwa sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba, ili idake ule mtetemo na kuupeleka kwenye spika ya stima.

Waya alikuwa nao. Sumaku ndizo zilizomnyima usingizi. Alijaribu zile za redio mbovu, sauti ikatoka kama ya mbu. Akazisogeza karibu, akazirudisha nyuma, akazungusha waya upya. Chai yake ilikuwa ikipoa kikombeni kila siku. Mkewe, Molly, alirudi kutoka kuchuma majani akamkuta ameinama vilevile alivyokuwa jana yake.

Molly alikuwa mjane wa Otiende, kakake Jairus, aliyefia kwenye mashine za kiwanda hichohicho. Wakati huo Jairus alikuwa akipasua mbao Londiani. Baada ya mazishi wazee wa Kijaluo walimwambia amtunze shemeji yake kama mila inavyotaka. Akaja, akapata kazi, akamuoa. Waliishi vizuri. Jina la Otiende halikutajwa sana nyumbani humo.

Aliyemtatulia shida ya sumaku ni Kepher, mtunza stoo. Alimpa ile kubwa ya zamani, iliyokuwa ikining'inizwa juu ya mkanda wa kiwanda kunasa misumari na vipande vya chuma vilivyochanganyika na majani. Kepher aliitoa haraka, kama mtu anayetua mzigo. Jairus akaivunja kwa nyundo, na kila kipande akakizungushia waya.

Kinanda kikaitikia. Sauti nzito, tamu, mpaka majirani wakatoka nje kusikiliza.

Kesho yake ukungu ulishuka mapema juu ya michai. Jairus alikuwa akikaza skrubu, mikono yote iko mbali na vibao, spika ikavuta pumzi.

Akajiambia ni waya umelegea. Akazikagua nyaya zote. Hakuna uliolegea. Akazitoa spoki, moja baada ya nyingine, akaziweka chini. Sumaku peke yake haitoi sauti. Lazima kuwe na chuma kinachotetemeka mbele yake. Hilo alilijua kama alivyojua jina lake.

Spika ikapiga mluzi.

Ulikuwa mluzi mfupi, unaopanda mwishoni, kama wa mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya shamba. Jairus alipogeuka, Molly alikuwa mlangoni na kapu la majani bado liko mgongoni.

"Hivyo ndivyo Otiende alikuwa akiniita," alisema polepole.

Jairus alirudi kiwandani mbio kumuuliza Kepher kuhusu ile sumaku. Kepher mwanzoni alikataa kusema, kisha akamvuta nyuma ya stoo. Akamweleza kwamba siku mashine ilipomvuta Otiende, mkanda uliendelea kwenda kabla ya mtu kufika kwenye swichi. Waliposhusha sumaku kuisafisha, walikuta imeshika kifungo cha mshipi wake na ufunguo wa nyumba yake. Walivibandua. Lakini baada ya hapo hakuna aliyekubali kuirudisha juu.

"Kwa nini?"

"Ilikuwa inatetemeka," Kepher akanong'ona. "Hata mashine zikiwa zimezimwa."

Alipofika nyumbani, stima ilikuwa imepotea laini nzima. Molly alikuwa amekaa mbele ya kinanda, sikio lake limelazwa kwenye spika. Alikuwa akitabasamu.

"Nyar Alego," Jairus akamwita kwa jina la kwao, yaani binti wa Alego, kama alivyozoea akitaka amsikilize. "Hakuna stima."

"Najua."

"Sasa unasikiliza nini?"

Molly hakuinua kichwa.

"Anasema usonge."

Jairus alikivunja kinanda kwa nyundo ileile. Akakusanya kila kipande cha sumaku ndani ya gunia, akateremka bondeni, akavitupa kimoja kimoja mtoni mahali maji yanapoenda kwa kasi. Tangu siku hiyo Molly alilala amejibana ukutani. Katikati ya kitanda aliacha nafasi ya mtu.

Juma hilo Jairus aliitwa Sigowet kutengeneza mota ya kinu cha mahindi. Mvua ikamfungia huko, akarudi asubuhi. Mlango ulikuwa wazi. Molly alikuwa jikoni akikoroga uji.

Akaingia chumbani.

Juu ya shuka kulikuwa na unga wa chuma. Mweusi. Laini. Umejipanga kichwa, mabega, kiwiliwili, miguu. Mtu mrefu kuliko yeye, amelala upande wake Jairus. Mkono mmoja ulikuwa umenyooshwa hadi kwenye mto wa Molly. Unga wote ulikuwa umesimama wima, chembe juu ya chembe, kama manyoya ya paka aliyeshtuka.

Kwenye kifua, ulikuwa ukipanda na kushuka.

Jairus alinyoosha mkono kuivuta shuka. Nyuma yake Molly akanong'ona:

"Usimwamshe."

Jairus hakubeba nguo. Hakufunga mlango. Alipanda gari la kwanza lililosimama barabarani, na jioni haijaingia akawa Londiani kwa rafiki yake wa kule kwenye mbao.

Ni huyo rafiki aliyemwomba avue shati lililolowa mvua, akalianika karibu na moto. Kisha akaliangalia kwa muda mrefu, akamuuliza ni nani aliyemsukuma.

Begani palikuwa na alama ya kiganja, vidole vyote vimetandazwa, ya unga mweusi wa chuma. Wamelifua shati lile kwa sabuni, kwa mafuta ya taa, kwa jivu. Alama haijatoka. Na kila wanapolianika kambani, hata siku isiyo na upepo, bega hilo hujivuta lenyewe kuelekea Kericho.