Kiu ya Wodi ya Wazee

WARAKA KUHUSU MATUMIZI SAHIHI YA VYOMBO VYA KUNYWEA MAJI, WODI YA WAZEE.

Waraka huo aliubandika ukutani Bwana Eliud, karani wa hospitali, mtu aliyeamini kwamba himaya ya Mwingereza ingetetereka kikombe kimoja kikikaa mahali pasipo pake. Uliagiza kila mgonjwa aache kibuyu chake, na maji yakae katika chombo kimoja chenye kifuniko. Chombo chenyewe serikali haikuleta. Bwana Eliud akaangaza macho, akakiona chungu cha marehemu Yotamu, mvuvi aliyefia kitanda cha dirishani: chungu cha Kikisi, kazi ya wafinyanzi wa mwambao wa ziwa, michoro myeupe shingoni. Akakitangaza kuwa mali isiyodaiwa, akakisimamisha katikati ya wodi.

Harufu ndiyo iliyotangulia. Asubuhi iliyofuata Nesi Rut alikaribishwa mlangoni na uvundo wa tope la ziwani na samaki aliyesahauliwa mtumbwini. Akadeki. Uvundo ukabaki pale pale.

Rut hakuwa nesi wa kugawa vidonge na kupita. Aliwageuza wazee ubavu kwa ubavu, akawakanda miguu, akawatoa uani kuota jua, akawauliza habari za migomba na wajukuu. Na kila kikombe alichompa mzee alikionja kwanza yeye, mzee aone hakuna dawa iliyofichwa humo. Aliyemhangaikia zaidi ni Bibi Damari, mfinyanzi kutoka mwambao, aliyeletwa amebebwa kama furushi. Rut alimwahidi kwamba atarudi kwao kwa miguu yake, na tayari bibi alikuwa anafika mlangoni na kurudi.

Tangu chungu kile kiwekwe, Damari hakufika tena mlangoni. Wazee wote walikuwa wananyauka. Midomo ilipasuka, ngozi ya mkono ukiifinya, inabaki imesimama. Walikunywa kutwa, na chungu kilichojazwa asubuhi kikawa kikavu kabla ya adhuhuri, lakini hata vyombo vya mkojo vilikuwa vikavu.

"Bibi, nani anamaliza maji haya?" Rut alinong'ona.

"Si sisi. Sisi tunaonja tu." Damari alivuta shuka hadi kidevuni. "Chungu kile nilikifinyanga mimi. Kwetu mtu akifa, chungu chake kinatobolewa tako. Kuna jini la ziwani linalokunywa pamoja na mwenye chungu maisha yake yote. Likiona tundu, linajua mwenzake amekwenda, nalo linarudi ziwani. Hili halijaambiwa."

Rut akaenda kwa karani.

"Majini ni ya pwani, Nesi," alisema Bwana Eliud. "Kufika huku Kyela yangehitaji kibali cha safari."

"Basi niruhusu nikitoboe tu, wazee watulie."

"Utoboe mali ya serikali? Andika maombi, nakala tatu."

"Mzee Andongwisye leo hajui hata jina lake, Bwana Karani!"

"Mpe maji."

Rut akaleta maji ya kisima kwa birika la nyumbani kwake. Akaonja, akamnywesha Andongwisye. Koo la mzee halikucheza. Katikati ya wodi, chini ya kifuniko chake, chungu kikatoa sauti ya kumeza.

Andongwisye alikufa siku hiyo hiyo.

Alasiri, Damari akamshika Rut gauni. "Lete msumari, mwanangu. Nitatoboa mimi."

"Mkono wenyewe huwezi kuuinua, bibi."

"Basi sikiliza. Atakayelifukuza asinywe hata tone mpaka jua lizame. Akinywa, amelikaribisha kwake."

"Ndaga, asante, bibi. Sitakunywa."

Rut akakilaza chungu kilichojazwa upya mchana ule, kifuniko kikiwa kimekazwa, akaweka ncha ya msumari kwenye tako lake, akagonga, na pale udongo ulipotoboka halikutoka hata tone, ila pumzi ndefu ya baridi iliyonuka tope, iliyotambaa sakafuni chini ya kitanda hiki na kile, ikiinua mashuka upande mmoja kama mtu anayechungulia kila godoro akimtafuta Yotamu, mpaka ilipofika kitanda cha dirishani, ikasimama hapo, na wazee wote kwa pamoja wakaanza kukohoa kama watu waliotolewa ziwani.

Kisha kikohozi kikakoma. Jasho likamtoka Damari kipajini, jasho halisi.

"Rut," aliita kwa sauti ya mtu aliyezinduka. "Maji, mwanangu."

Machozi ya furaha yakamlenga Rut. Akamimina kikombe kutoka kwenye birika, akaonja, akampa.

Damari hakukipokea. Alikuwa akitazama midomo ya nesi iliyolowa, na nyuma yake dirisha, ambako jua lilikuwa bado juu ya mashamba ya mpunga.

"Ee mwanangu," alisema polepole. "Umenitangulia."

Katika taarifa yake Bwana Eliud aliandika: "Chungu kimoja, kimevunjika wakati wa usafi wa kawaida."

Kilichotokea ni kwamba Bibi Damari alirudi kwao kwa miguu yake, na Nesi Rut, aliyemsindikiza hadi barabarani, alipiga magoti kwenye mfereji wa kwanza wa mpunga akanywa, akanywa, na koo lake halikucheza.