Makasi ya Wacuka

Jumamosi katika soko la Gikomba, Nairobi, huchagui nani akugonge. Wacuka alikuwa ameinamia cherehani yake, tepu shingoni, ndani ya gauni la manjano la marinda alilojishonea mwenyewe na lililomkaa kweli kweli, mara mzigo ukaanguka juu ya meza yake na kuzoa blauzi zote alizokuwa amezipiga pasi. Mzigo wenyewe ulikuwa mfuko wa kijani, mnene kama godoro lililokunjwa. Nyuma yake alisimama kijana mrefu wa koti la jinzi, anahema.

"Pole, mrembo. Mkanda umekatika."

"Umekatika mkanda wako, zikaanguka blauzi zangu. Zimeingia matope, unaona?"

"Ndiyo maana nimesema pole. Sasa nishonee mkanda."

"Ndani kuna nini? Hema?"

"Parachuti."

Mafundi wa meza za jirani wakaacha kukanyaga cherehani. Wacuka alimtazama kuanzia viatu hadi nywele, akitafuta dalili ya uanajeshi, asiione.

"Mimi ni dereva," kijana alisema. "Hii si ya kurukia kutoka kwa ndege. Unapanda nayo kilimani, unaikunjua, unakimbia mteremkoni, upepo unakubeba. Nilikuwa namwendesha Mswisi mmoja wa mambo ya maji. Alinifundisha, na aliporudi kwao akaniachia."

"Yaani mtu mzima anakimbia kwenda mahali ardhi imeisha."

"Kwa miguu yake mwenyewe."

"Basi nitashona mkanda wa mfuko tu. Hicho cha ndani sikigusi. Mimi nashonea watu wanaotembea chini."

Kijana alicheka hadi akaketi juu ya mfuko wake. Jina lake lilikuwa Mativo, kwao Machakos, na mkanda ulipokwisha kushonwa hakuondoka. Aliziokota blauzi, akazisuuza kwenye karai, akazianika moja moja huku Wacuka akimkosoa. Jioni walikula chipsi pamoja.

Siku hizo, miaka ya themanini ikielekea ukingoni, mapenzi ya Eastlands, mitaa ya mashariki ya Nairobi, yaliishi kwa hisani ya simu ya mtu mwingine. Wacuka alikaa Kariobangi, na simu ya jirani ilikuwa dukani kwa Wehliye, mzee wa Kisomali mwenye ndevu nyekundu za hina na masikio makali.

"Dada, dereva wako yuko kwa simu," Wehliye alikuwa akipaza sauti mpaka barabara nzima isikie. "Anasema amekosa usingizi. Mimi nimemwambia anywe maziwa."

Wacuka alikuwa akija mbio, leso kiunoni, na kugeukia ukuta.

"Umelala aje, sukari?" Mativo aliuliza.

"Vibaya. Nimeota umeanguka."

"Na ulinidaka?"

"Sikukudaka. Niliamka."

"Basi kesho usiamke haraka."

Hakuwa akitania kuhusu ndoto. Wacuka alikuwa mtu wa kuogopa tangu utotoni, mtu wa kurudi mlangoni kuona kama amefunga, na sasa Mungu alikuwa amempa mwanamume anayeondoka ardhini kila Jumapili. Kila Jumatatu asubuhi, simu isipolia mapema, hakwenda Gikomba mpaka ilie.

Ndipo Mativo akamwambia, "Unaogopa kwa sababu hujaona. Twende."

Walikwenda vilima vya Ngong. Upepo ulikuwa unapanda kutoka Bonde la Ufa, unapeperusha kitambaa cha kichwa cha Wacuka. Mativo aliitandaza parachuti nyasini, nyekundu yenye mistari myeupe, akazitenga kamba moja moja ili isiwepo iliyojisokota. Alifunga mikanda ya mapaja, akafunga ya kifua, akaitikisa yote, akavaa helmeti. Kisha alisimama tu, uso umeelekea upepo, anangoja. Wacuka alidhani ameghairi, akaanza kumshukuru Mungu kimoyomoyo.

"Mbona umesimama?"

"Upepo unakuja kwa vishindo. Nangoja utulie. Ukikataa kutulia, tunarudi nyumbani."

Ukatulia. Aliivuta, ikapanda juu ya kichwa chake ikijaa upepo, akatupa jicho juu kuhakikisha imefunguka yote, akakimbia. Hatua chache, na miguu yake ikawa inakimbia hewani. Wacuka alifumba macho. Alipoyafumbua, mpenzi wake alikuwa anapita mbele ya kilima kwa utulivu wa mwewe, akivuta kishikio cha kamba cha kushoto na kugeuka kushoto, cha kulia na kugeuka kulia. Mwishoni aliizungusha hadi akaukabili upepo, na alipokaribia ardhi kabisa akavuta vishikio vyote viwili mpaka chini, ikasita, akatua kama mtu anayeshuka ngazi. Shida ni kwamba alitua katikati ya boma la ng'ombe.

Mvua ilikuwa inakuja. Wacuka alishuka mbio, wakaikunja parachuti harakaharaka, kinyesi na unyevu humo humo, wakisukuma hewa itoke.

"Mvua ikipita lazima hii parachuti ikaushwe kivulini," alisema Mativo. "Na kesho natumwa Isiolo. Utanisaidia?"

"Nilisema sikigusi."

"Kuikausha tu, mpenzi."

Akakubali. Ni nani angekataa, akiitwa hivyo?

Basi juma lile Wacuka aliitundika parachuti kwenye varanda ya ploti yao ya wapangaji, majirani wakishangaa nyumba ya nani imepata mapazia hayo. Aliifuta kinyesi kwa maji matupu na kitambaa laini. Ilipokauka, aliikagua jinsi alivyokagua kila nguo kabla mwenyewe hajaichukua. Ni hapo alipoviona vile vishikio viwili, kila kimoja kimefungwa kwa fundo kwenye kamba yake ya kugeuzia, na chini ya kila fundo unaning'inia mkia wa kamba urefu wa kidole, ovyo, kama kazi ya mwanafunzi wa juzi. Fundi wa Gikomba haachi uzi ukining'inia. Mkono wake ulichukua makasi kabla kichwa hakijaulizwa. Aliikata yote miwili karibu kabisa na fundo, akapuliza, akaona imependeza.

Mativo alirudi Jumamosi jioni. Angalimsifu, lakini Wacuka alikuwa ametumia juma zima kuota ndoto zile zile, na maneno yakamtoka mlangoni kabla ya chai.

"Iache hii kitu, Mativo."

"Niache kuruka?"

"Kwetu wameanza kuuliza utakuja lini. Nitawaambia nini? Niozeni kwa jeneza?"

"Huniamini."

"Nakuamini. Siamini upepo."

"Ni kitu kimoja tu nimewahi kufanya ambacho hakuna bosi nyuma yangu anapiga honi," Mativo alisema taratibu. "Kimoja. Na wewe ndiye unaniambia niache."

"Basi chagua."

Neno hilo hakulipanga. Mativo alibeba mfuko begani na kuondoka, chai ikabaki na mvuke wake mezani.

Jumapili asubuhi Wacuka alivaa gauni lake la kanisani, la samawati lenye kola nyeupe, macho yamevimba. Alipofunga kifungo cha shingoni, kikamdondokea mkononi. Alikuwa amekishona mwenyewe siku chache nyuma, kwa uzi wa nailoni, na alikumbuka fundo alilolifunga. Aliutazama uzi. Haukukatika. Fundo lilikuwa limeteleza na kujifungua lenyewe, kwa sababu nailoni huteleza, na aliukata karibu mno.

Alikaa kitandani. Ile mikia haikuwa uchafu. Iliachwa pale ili fundo likivutwa lipate pa kushika.

Alikimbia hadi dukani bila viatu vya kanisani wala vya nyumbani.

"Simu, mzee. Tafadhali."

Aliipigia gereji iliyokuwa karibu na chumba cha Mativo kule mtaa wa Jericho. Aliyeshika ni Lusweti, mlinzi.

"Mativo? Ametoka zamani, dada. Na mfuko wake. Hata hakunisalimu leo, alikuwa na sura mbaya. Kuna shida?"

Wehliye, aliyekuwa amesikia kila kitu kama kawaida yake, alimnyang'anya Wacuka simu polepole na kuirudisha mahali pake.

"Wapi?" akauliza.

"Ngong. Nimemuua, mzee."

Wehliye alifunga duka lenye wateja ndani, akawasha pikapu yake. Njia nzima mzee yule hakutoa utani hata mmoja, na hilo lilimtisha Wacuka kuliko mwendo wa gari.

Walipofika chini ya kilima, parachuti nyekundu ilikuwa juu. Wacuka alishuka gari likiwa bado linasogea.

"Mativo! Usivute!"

Upepo ulikuwa unamjia usoni. Sauti haikufika popote. Akamwona anageuka kulia, vizuri. Kisha akamwona anavuta kushoto, na mkono wa kushoto ukashuka peke yake, ghafla, ukiwa na kishikio kisicho na kamba. Parachuti ikaendelea moja kwa moja. Mativo alikitazama kile kishikio mkononi. Hata kwa umbali ule Wacuka alijua anakitazama.

Kisha alikitupa, akaachia na kile cha kulia, akainua mikono yote miwili na kushika mikanda ya nyuma inayobeba kamba juu ya mabega. Akaivuta kidogo kidogo. Parachuti ikageuka kwa uzito, kwa kusuasua, hadi ikaukabili upepo. Ilishuka kasi kuliko siku ile. Wacuka alikuwa anakimbia na kulia na kuomba, yote kwa pamoja. Mativo aliikunja miguu, akavuta mikanda kwa nguvu zake zote, akapiga ardhi, akabingirika, na kitambaa chekundu kikamfunika.

Wacuka alipokifunua, Mativo alikuwa hai. Kifundo cha mguu kilikuwa kimevimba tayari, na uso wake ulikuwa wa mtu asiyemjua.

"Ulitaka nisiruke," alisema, "au ulitaka nisirudi?"

"Nilikata mimi. Kwa makasi." Wacuka alipiga magoti. "Nilidhani ni uzi uliobaki. Nilitaka uone ilivyo safi. Ilikuwa kabla ya ugomvi, Mativo, juma lote nilikuwa najivunia. Leo kifungo changu kimetoka ndipo nimejua. Kama huniamini, niambie niende."

Mativo aliitazama kola iliyoachwa wazi, akaitazama miguu mitupu ya Wacuka yenye damu ya miiba.

"Mimi hukagua kila kitu," alisema. "Kamba, mikanda, kila fundo. Leo vishikio sikuviangalia. Unajua kwa nini? Nilikuwa na hasira na wewe, lakini nikasema, hii imepita mikononi mwa Wacuka. Haina kasoro."

Wacuka akalia upya. Alitamani angemtukana.

Kwa kuwa Mativo hakuweza kusimama, ilibidi Wacuka aikunje parachuti yeye, Mativo akimwelekeza kutoka chini: kusanya kamba, laza upande huu, sukuma hewa, sasa ule. Alipofika kwenye kishikio cha kulia alisimama. Fundo lilikuwa bado lipo, lakini ncha ya kamba ilikuwa imeshaingia ndani yake. Alilivuta kwa vidole viwili tu. Likafunguka.

Alimpa Mativo. Mativo alikigeuza kishikio mkononi, kisha akakiweka chini haraka kama kimemchoma. Ilikuwa mara ya kwanza Wacuka kumwona akiogopa, na alimshika mkono huo kwa mikono yake yote.

"Nitaacha," Mativo alisema. "Nimechagua. Sitaki kukuona tena ukikimbia hivi."

"Usiache kwa sababu yangu. Utakuja kunichukia polepole, kila Jumapili." Alipangusa uso. "Mguu ukipona, urudi. Mimi nitakuja. Utanifundisha kukagua, na nitakagua. Lakini uniahidi kitu."

"Sema."

"Nikishamaliza, ukague nyuma yangu. Hata kama nimefunga mimi."

"Nitakagua."

"Hata kama unanipenda."

"Hata kama nakupenda."

Wehliye alikuwa amefika, anahema, kofia mkononi. Wacuka hakumjali. Alimfungia Mativo mguu kwa kitambaa chake cha kichwa, akakaza fundo, na ncha mbili zilizobaki akaziacha ndefu.

"Basi waambie wazee wako waje kwetu," alisema. "Mama amechoka kuuliza."