Ngata ya Eliufoo

Kwa maneno ya Mektrida, gugu lile linatembea.

"Usinicheke, mama Goodness," Mektrida alimwambia Aikande, jirani yake, wakiwa kila mmoja upande wake wa ua wa mimea ya isale. "Kwa shemeji yangu, kule Chekereni, ulianza mche mmoja tu, kando ya njia. Msimu uliofuata, shamba zima! Ng'ombe akalila, maziwa yakawa machungu kama mwarobaini. Dada yangu akaling'oa kwa mikono mitupu. Mikono ikavimba, kifua kikambana, hewa anaitafuta. Nakwambia linatembea!"

"Na viatu linavaa namba ngapi?" Aikande aliuliza.

Wakacheka. Mektrida hapiki bila chumvi, na hasimulii bila chumvi.

"Cheka tu. Majani yake kama ya karoti. Vijiua vyeupe, vidogo kama chenga za mchele."

Kicheko kikamkauka Aikande mdomoni.

Mumewe, Eliufoo, ni mpagazi. Hupandisha mizigo ya wageni mlimani. Kila safari Aikande humsokotea ngata ya kuweka kichwani, mzigo usimuumize. Siku zote huisokota kwa majani makavu ya mgomba, kama mama yake alivyomfundisha. Lakini mwezi huo na uliotangulia mvua ililowesha kihamba chote, migomba na majani yake. Basi safari zote mbili alichomoa majani laini kwenye malisho ya ng'ombe, yale wanayonunua kutoka Chekereni. Asubuhi hiyo Eliufoo alikuwa ameondoka na ngata ya majani hayo.

Aikande alikimbia zizini. Akafungua mzigo wa malisho. Majani kama ya karoti. Vijiua vyeupe. Vidole vyake vilikuwa vinawasha tangu alfajiri, naye alidhani ni upupu.

"Mektrida! Niitie bibi shamba!"

Theodora, bibi shamba wa kijiji, alikuja na glavu mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Usiyaguse tena. Nawa kwa sabuni. Hili ni gugu karoti."

"Ni kweli linatembea?"

"Sisi ndio miguu yake, mwanangu. Mche mmoja una mbegu maelfu, ndogo kama vumbi. Zinanasa kwenye tope la kiatu cha mgeni, kwenye hema, kwenye tairi, kwenye malisho. Likiingia msituni linasonga mimea ya asili. Na msitu ndio unaotunza maji ya mifereji yetu."

"Na kwenye ngata?" Sauti ya Aikande ilikuwa ndogo.

Theodora alimtazama. "Ngata ya nani?"

Walipanda bodaboda hadi kwenye geti la hifadhi. Ukungu ulikuwa umeshuka, miti haionekani. Aikande alisali kimoyomoyo: asiwe ameingia, Bwana, asiwe ameingia.

Eliufoo alikuwa wa mwisho kwenye mstari, mzigo tayari kichwani.

"Baba Goodness! Teremsha!"

"Eliufoo, umesahau kuaga nyumbani?" wenzake walimtania. "Mama amekufuata!"

Eliufoo aliona aibu. Lakini alipoona uso wa mkewe, aliteremsha mzigo. Theodora akakung'uta ngata juu ya mfuko. Vumbi jeusi likadondoka.

"Kila chembe ni mbegu," alisema, akafunga mfuko vizuri.

Hapo Aikande akakumbuka. "Na ile ya mwezi uliopita? Uliitupa wapi?"

"Pale tunapopumzikia, msituni. Ngata ikichakaa si tunaitupa?"

Eliufoo aliwaachia wenzake mzigo.

Askari wa hifadhi aliwapeleka. Mahali pale palikuwa kimya. Chini ya gogo lenye kuvu, katikati ya majani mabichi ya msituni, miche ilikuwa imeota kama kitalu. Majani ya karoti.

"Yeleuwi!" Aikande alishika kifua. Aliona msitu wote mweupe kwa vijiua, na mifereji mikavu.

"Haijatoa maua," alisema Theodora. "Tumewahi. Ing'oeni na mizizi, kwa glavu. Tieni kwenye mfuko. Lakini mbegu hulala ardhini miaka. Lazima tuwe tunarudi kukagua."

Wamekuwa wakirudi. Mpaka leo gugu halijaota tena pale. Wapagazi husugua tope la viatu kwa brashi kabla ya kuingia, na wageni nao. Hukung'uta mahema. Ngata ni za kitambaa, au za majani makavu ya mgomba, kwa kuwa hayo hayabebi mbegu ya gugu. Malisho Aikande huyachambua kwanza. Maziwa ya ng'ombe wake ni matamu.

Ila hofu haijamtoka. Siku za safari hukaa karibu na geti na ngata zake za mgomba, akitazama vichwa vya watu.

Jana kundi moja lilipita haraka ndani ya ukungu. Wa mwisho alikuwa kijana asiyemjua. Chini ya mzigo wake palikuwa na kitu cha kijani, na humo doa jeupe.

"Kaka!" Aikande alisimama. "Naomba usimame! Chukua hii ya kwangu, niachie hiyo!"

Ukungu ukamfunika kijana. Aikande alinyoosha mkono wenye ngata, akasubiri. Alisikia nyayo tu, zikipanda.