Tope Linalokula Oili

Nyuma ya nyumba ya mke na mumewe kuna tope, pale mto unapokutana na bahari. Maji yakipwa, mke huokota humo kombe, wale chaza wa topeni, na kuziuza. Mume ni fundi wa injini. Majirani humwita Spana. Oili chafu ya injini aliimwaga topeni, miaka nenda miaka rudi.

Asubuhi moja mke alirudi na ndoo bado imejaa.

"Wateja wamezikataa! Wanasema kombe zangu zinanuka oili. Sasa watoto watakula nini?"

Spana alikwenda kuangalia. Aliinama, akanusa. Tope lilikuwa jeusi na linanuka kama yai viza.

"Lo! Tope lenyewe limeoza," alisema. "Dawa yake ni kulisafisha."

Basi huyo, jembe mkono huu, galoni la dawa ya choo mkono huu! Analima, anamwaga, jasho linamtoka. Mara akafika dada yake, anayepima maji kwenye maabara.

"Kaka, umeingiwa na nini? Unawaua wafanyakazi wako!"

Spana aligeuka huku na huku. "Wafanyakazi gani? Mbona niko peke yangu?"

"Humo topeni kuna bakteria, viumbe wadogo wasioonekana kwa macho. Wanakula oili."

"Wifi, acha utani," mke alisema.

"Sitanii, wifi yangu."

"Lakini chini huko hakuna hewa," Spana alisema. "Wanapumuaje?"

"Hawa hawahitaji hewa kama sisi. Wanatumia salfeti, aina ya chumvi iliyomo kwenye maji ya bahari. Harufu ya yai viza inatokana na kazi yao."

Spana alikuna kichwa. "Yaani linanuka kwa sababu linasafishwa? Mbona unanichanganya?"

"Ndivyo. Dawa ya choo inawaua. Jembe nalo linatibua oili iliyotulia chini, inasambaa mpaka kwenye kombe. Waache tu. Ila wanakula polepole mno. Wewe unamwaga debe, wao wanaonja tone."

Mke alimgeukia mumewe. "Kumbe ni wewe! Nailaumu bahari, kumbe mharibifu nalala naye!"

Spana aliweka jembe chini. Aibu ilimshika.

Kesho yake aliweka pipa la oili chafu kwenye karakana yake. Likijaa, gari la wakusanyaji huja kulichukua. Mke aliacha kuokota kombe, akawa anafua nguo za watu. Ilimuuma sana. Mvua zilikuja, zikaisha, zikaja tena. Kila mara wifi yake alipima tope na kombe. Kila mara alisema, "Bado."

Mpaka siku moja akaja anacheka. "Oili imepungua sana. Kombe ni salama, wifi. Okota!"

Mke alishika ndoo, mbio mpaka topeni. Spana alimfuata, ameziba pua.

"Sasa mbona bado linanuka?" aliuliza.

"Nyamaza wewe," mke alimjibu, mikono imezama topeni. "Wafanyakazi wako bado wako kazini."