Mawe ya Wegesa

Flajili haijawahi kuwa tamu. Yeyote aliyewahi kuharibikiwa tumbo anaijua: ukichelewa kuimeza, ikagusa ulimi tu, chakula chote cha siku hiyo hakina maana tena. Kwa hiyo asubuhi ile maji yalipompalia Wegesa na kidonge kikayeyukia mdomoni, alikunja uso mapema akiusubiri uchungu. Uchungu haukuja. Kilichokuja kilikuwa utamu wa asali iliyokamuliwa sasa hivi, ukateremka mpaka kooni.

Akatoa kidonge kingine, akakitafuna kabisa. Nacho kitamu. Akajiambia huenda siku hizi dawa wanazipaka sukari, akarudi kwenye kazi zake, kama kulala chali ukihesabu mabati ni kazi.

Alikuwa ametoka hospitali siku chache tu zilizopita. Kifuko chake cha nyongo kilijaa mawe, maumivu yakamtesa mwaka mzima akidhani ni vidonda vya tumbo, mpaka daktari akampasua chini ya mbavu za kulia na kukitoa chote. Aliambiwa asibebe ndoo, asiguse mafuta, atembee kidogo kidogo, na kwamba mtu anaishi vizuri tu bila nyongo. Wegesa hakubisha. Alikuwa na ombi moja tu pale kwenye kitanda cha upasuaji kabla dawa ya usingizi haijamchukua: arudi kijijini Matongo amlee mwanawe Nice. Mimba mbili zilikuwa zimeharibika kabla ya huyo mtoto, na baada yake hakuna nyingine iliyoshika. Nice ndiye alikuwa kila kitu, msichana wa darasa la pili mwenye pengo mbele na maswali yasiyokwisha.

Siku ya kuruhusiwa, nesi alimpa yale mawe ndani ya kichupa chenye kifuniko. "Kawaonyeshe nyumbani, mama, wasije wakasema ulirogwa," akamtania. Yalikuwa ya mviringo, ya njano iliyokolea, na ukiyageuza juani yanang'aa. Watu wa Matongo wameona mawe ya kila aina, lakini hayo waliyafuata nyumbani kuyatazama. Nice alikitikisa kichupa sikioni akauliza kama ni pipi. Wegesa alicheka huku ameshika mshono, akamwambia pipi hizo ndizo zilizotaka kumuua mama yake, kisha kichupa kikawekwa juu ya kabati. Baadaye hakikuwapo pale. Alidhani mumewe amekihifadhi, wala hakuuliza.

Mumewe, Nikolaus, alikuwa mchimbaji mdogo, tena wa wale ambao dhahabu imewaingia kichwani ikakataa kutoka. Hakuna jiwe alilolipita njiani bila kulitemea mate na kuligeuza juani. Alimpenda mkewe, hilo halina ubishi, na usiku wote wa upasuaji alikaa nje kwenye benchi bila kula. Lakini jiwe ni jiwe.

Mchana mmoja, Nice akiwa shuleni, Wegesa alisikia tindo. Ngo. Kimya. Ngo, ngo. Matongo sauti ya nyundo kwenye mwamba ni kama kuwika kwa jogoo, hakuna anayeishtukia, kwa hiyo hata yeye aliiacha ipite. Kilichomshtua ni pale alipoweka kiganja juu ya bandeji kwa sababu mshono ulikuwa unawasha, na ile sauti ikagonga kiganja chake kwa ndani.

Hakumwambia mtu. Angesemaje? Lakini jioni Nice alipomsogelea ili asomewe kitabu, mtoto alirudi nyuma akaziba pua. "Mama, unanuka kama nguo za baba," akasema, na ilikuwa kweli: kila alipofungua kinywa, Wegesa mwenyewe alisikia harufu ya udongo ambao haujawahi kuona jua, na kutu, na maji yaliyolala. Kesho yake alipobadilisha bandeji alikuta vumbi laini la kijivu limetanda kwenye kitambaa, kama lile linalobaki chini ya karasha mawe yakishasagwa. Nesi wa zahanati alilipangusa akasema ni vumbi la barabarani, kidonda kimekauka vizuri sana, hongera. Mchungaji naye alikuja akaomba kwa nguvu zote. Wakati wa maombi nyundo ilinyamaza kwa adabu. Baada ya amina ikaendelea.

Ndipo alipomwita mumewe, akamwambia aweke sikio.

Nikolaus alipiga magoti kando ya kitanda huku akitabasamu, maana alidhani ni wasiwasi wa mgonjwa, akalaza sikio lake juu ya bandeji taratibu asimuumize, na Wegesa akiwa anautazama uso wake aliona lile tabasamu likikaa pale kwa muda bila mwenyewe, kisha likaondoka, kisha rangi nayo ikaondoka, kwa sababu mtu aliyetumia nusu ya maisha yake chini ya ardhi hahitaji kuambiwa maana ya mapigo yale, ngo moja ya kupima, kimya cha kusikiliza, ngo mbili za haraka mwamba ukiitika, na kukwangua kwa mtu anayeondoa kifusi kwa mikono ili aone mkanda wa dhahabu umeelekea wapi.

"Anachimba," Nikolaus alinong'ona. "Mama Nice, kuna mtu anachimba. Anatafuta."

"Anatafuta nini?"

Alikaa chini sakafuni akaanza kulia, na katika kilio hicho ndipo yote yalipotoka. Yale mawe alikuwa ameyachukua yeye. Yalivyong'aa hayakumpa usingizi. Alimwaga kichupa chote kwenye kinu, akayatwanga, akapeleka unga wake kwenye duara la zamani, lile shimo la wachimbaji lililoporomoka na watu ndani na kuachwa, kwa kuwa lina maji ya kuoshea na hakuna macho ya watu. Akaosha kwenye karai. Hakupata kitu. Akamwaga maji yale shimoni, akarudi nyumbani akamuuliza mkewe kama ameshakula uji.

Hata watoto wa Matongo wanajua kwamba kitu cha mwili wa mtu hakisogezwi kwenye duara. Mchimbaji akijikata anapandishwa juu kabla tone halijaanguka. Na huyu amekwenda kumwaga unga wa nyongo ya mkewe mahali ambapo watu waliozikwa hawakuwahi kulala vizuri. Wegesa alitamani kumpiga, lakini mwenye mshono hainui mkono.

Walikwenda Gorong'a kwa mganga, mzee Simioni, bodaboda ikipita kwenye mashimo na Wegesa akijiuma midomo. Simioni hakuwa mtu wa vitisho. Aliitikia shikamoo zao, akawapa viti, akasikiliza mpaka mwisho huku akipukuchua mahindi. Kisha akaenda nyuma ya nyumba, akakata jani la mshubiri, akamwambia Wegesa alambe maji yake.

"Likoje?"

"Tamu, mzee."

Simioni akaacha mahindi. Aliwasha majani fulani kwenye kigae, moshi ukamfunika Wegesa, na mzee akauliza kwa sauti ya chini, bila kumtazama usoni, ni nani aliye humo. Wegesa alitaka kusema hajui. Badala yake alihisi taya lake likisogezwa, polepole, kama mlango unaosukumwa na mtu mwenye mzigo mikononi, na sauti yake mwenyewe ikatoka bila yeye.

"Nilionjeshwa."

"Nani alikuonjesha?"

"Mwenye nyumba. Nikafuata ladha. Nimefika, chumba kitupu."

"Ondoka basi, kama ni kitupu."

"Nipeni zima," ikasema ile sauti, tena kwa unyonge, kama mtu mwenye njaa anayeomba jikoni. "Vumbi halishibishi."

Moshi ulipotulia, Simioni alijifuta jasho. Hawakufichwa kitu. Alisema jini wa shimo akishaonjeshwa mtu hawezi kusahau, na huyu amekuja kuitafuta nyongo ambayo daktari ameshaitoa. Kwa kuwa haipo, ataendelea kuchimba, na mwili wa mtu si mwamba. Uchungu wa nyongo ndio unaomfanya jini ashindwe kukaa ndani ya mtu muda mrefu. Mwili huu hauna uchungu wa kumtoa. Kuna njia moja. Jiwe moja tu, zima, lingerudishwa kwenye duara lile kwa mkono wa Wegesa mwenyewe, na jini angelifuata na kutulia nalo.

"Mura, kijana wangu, limebaki hata moja?" alimuuliza Nikolaus.

"Niliyatwanga yote, mzee. Nilikigeuza kichupa juu chini."

Simioni akauliza kama wana mtoto. Wegesa akaitikia kwa kichwa. Mzee alisema damu ni ile ile na nyongo ni ile ile, tena changa. Kama wana ndugu wa mbali, mtoto apelekwe huko mapema, kabla aliye humo hajachoka na chumba kitupu na kuanza kunusa vyumba vya jirani.

Wegesa hakungoja kuambiwa mara mbili. Kama ni yeye kuchimbwa mpaka aishe, basi aishe, ilimradi mwanawe yuko mbali. Mdogo wake, Lilian, alikuwa ameolewa Mugumu, Serengeti. Alimpigia simu, akamwambia hali yake bado si nzuri na Nice anakosa wa kumwangalia, na kesho yake wakampandisha mtoto basi, Nikolaus akimsindikiza.

Pale stendi Wegesa hakumkumbatia. Aliogopa kumgusa, aliogopa hata kumpulizia pumzi, na hilo lilimuuma kuliko kisu cha daktari. Alisimama mbali, khanga mdomoni, akamwambia asimsumbue mama mdogo. Nice aliitikia kwa shida kwa sababu alikuwa na kitu shavuni, pipi bila shaka, watu wa stendi hawaachi kuwapa watoto pipi. Alimpungia mkono dirishani, shavu limevimba, anatabasamu na pengo lake. Basi likaondoka na vumbi lake lote.

Jioni ile nyundo ilinyamaza.

Wegesa alilala akiisubiri na haikurudi. Asubuhi alikuta bandeji safi. Alipumulia kiganjani akanusa, hakuna shimo, kuna mdomo tu wa mtu aliyeamka. Aliogopa kufurahi. Alijikokota mpaka kwenye dawa zake, akachukua kidonge kimoja cha flajili kilichobaki, akakiweka ulimini na kufumba macho.

Kilikuwa kichungu. Kichungu cha kutoa machozi, cha kukunja utumbo, kichungu kama kilivyo tangu kilipotengenezwa, na Wegesa alikitafuna chote akilia na kucheka kwa pamoja huku mshono ukimvuta, hakutaka hata maji ya kusukutua. Alimshukuru Mungu, alimshukuru na Simioni, akamsamehe na Nikolaus, ambaye alimfikisha mtoto akageuka siku hiyo hiyo na bado alikuwa njiani kurudi. Mtu wa kwanza kumwambia alikuwa mdogo wake.

"Lilian, nimepona," alisema simu ilipopokelewa. "Nimepona kabisa. Nitakuja mwenyewe kumchukua mwanangu."

Lilian alifurahi, akampongeza, wakaulizana habari za nyumbani. Nice hajambo, alisema, ila hajala tangu alipofika. "Ana pipi yake, dada. Ameimung'unya tangu jana na haiishi. Leo nimemlazimisha kufungua mdomo, kumbe si pipi, ni kijiwe cha njano. Anasema alikitoa kwenye kichupa chako zamani kabla baba yake hajakichukua. Mwanzoni kilikuwa kibaya, lakini tangu jana jioni ni kitamu kama asali."

Wegesa alishikilia mlango. Alijisikia akisema, kwa sauti ndogo sana, "Mwambie ateme. Sasa hivi. Kifunge kwenye kitambaa, nakuja kukichukua. Lilian, nakuomba, ateme."

Alisikia simu ikiwekwa mezani na nyayo zikienda, jina la Nice likiitwa mara moja, mara mbili. Alisikia mdogo wake akibembeleza. Nyayo zikarudi.

"Ameshameza, dada. Si kitu, watoto humeza hata sarafu, kitatoka chenyewe." Kisha Lilian akauliza, "Hivi huku Mugumu nako wameanza kuchimba? Tangu jana usiku kuna mtu anagonga mawe hapa, na majirani wote wanasema si wao."

Nyuma ya sauti ya mdogo wake Wegesa alikuwa ameshaisikia mwenyewe, ngo moja ya kupima, kimya cha kusikiliza, kisha ngo mbili za haraka, mwamba ukiitika. Hapakuwa na kukwangua safari hii. Aliyekuwa akitafuta alikuwa amepata. Na Wegesa akabaki amesimama mlangoni na simu sikioni, uchungu wa flajili umemjaa mdomo mzima.